Jibu kwa mjumbe wa kamati ya tuzo, Bagamoyo: mpango unaowafundisha wanafunzi kweli unatambulikaje?

Ndugu mleta mada, asalaam aleikum, na habari za jioni kwa wadau wote. Umeeleza kwamba chuo kimoja hapo Bagamoyo kimekuteua kuwa mjumbe wa kamati itakayotoa tuzo kwa mpango wa ufundishaji uliowasaidia wanafunzi kujifunza vizuri zaidi, kwamba mezani pako yapo maombi kumi na moja yaliyojaa picha na majedwali, na unauliza uanzie wapi. Nimeyasoma majibu yaliyotangulia. Wengi wamekushauri utazame asilimia ya ufaulu, na wengine wamekushauri uwaulize wanafunzi wanampenda mwalimu gani. Kwa heshima zote, njia hizo mbili nilikwisha kuzipita na zote zilinipoteza, ndiyo maana najibu kwa urefu.

Nilifundisha takwimu katika chuo kimoja mkoani Tanga hadi nilipostaafu, na mwaka mmoja niliketi katika kamati kama yako. Chuo sitakitaja. Tulikuwa wajumbe watano, maombi yalikuwa tisa, na kazi tuliimaliza kwa siku mbili tu kwa sababu ombi moja lilionekana kuyashinda mengine bila ubishi: idara husika ilionyesha kwamba tangu ilipoanza utaratibu wake mpya wa kufundisha, karibu wanafunzi wake wote wa mwaka wa kwanza walifaulu mtihani wa mwisho wa muhula, jambo ambalo halikuwa limetokea katika somo lile tangu nilipolijua. Tukatoa cheti, tukapiga picha chini ya mwembe, tukala pilau. Muhula uliofuata nikapangiwa kuwafundisha vijana wale wale somo linalojengwa juu ya lile walilolifaulu. Siku ya kwanza niliwachorea grafu moja ubaoni, nikawaomba wanieleze kwa maneno yao inasema nini. Darasa zima likainamia madaftari.

Nilichukua muda kulielewa lililotokea, na nakueleza kwa kirefu kwa sababu naamini katika maombi yako kumi na moja limo moja la namna hii. Kwanza, mtihani wenyewe. Nilikwenda maktaba nikaomba karatasi za miaka mitatu, nikazitandaza mezani, nikakuta maswali ni yale yale, tarakimu tu ndizo zilizobadilishwa. Madesa, yaani makaratasi ya kukariria, yenye majibu yake yalikuwa yanauzwa kwenye duka la fotokopi nje ya geti, kwa bei ambayo hata mwanafunzi ambaye bumu lake, yaani fedha zake za mkopo, limechelewa aliimudu. Vijana hawakudanganya mtu. Walifanya kile ambacho mtihani uliwataka wafanye, yaani kukariri. Pili, idara ilikuwa imeanza kuwazuia wenye alama ndogo za kazi za muhula wasiingie katika chumba cha mtihani, na hao hawakuhesabiwa walioshindwa, kwa kuwa hawakufanya mtihani. Ukiwaondoa wanaoelekea kuanguka kabla ya kuhesabu, walioanguka watapungua, lakini hakuna aliyefundishwa chochote zaidi.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza kwako ni hili: kabla hujaitazama asilimia yoyote, omba karatasi za mitihani za miaka mitatu na orodha ya majina ya wote waliosajiliwa wiki ya kwanza. Idara itakayosita kukupa vitu hivyo viwili imekwisha kukujibu.

Jambo la tatu sikulikuta katika idara ile bali katika maombi mengine yaliyotufurahisha, nalo ni pale wanafunzi walipoanzia. Marehemu baba yangu alifanya kazi kwenye korona ya mkonge huko Muheza, yaani mashine inayochambua nyuzi kutoka kwenye majani. Nyuzi hizo, yaani singa, hupangwa madaraja kwa urefu, rangi na usafi, na baba alikuwa akicheka kila meneja mgeni alipoisifu mashine kwa singa ndefu, kwa sababu korona hairefushi jani. Jani likija fupi kutoka shambani, singa itakuwa fupi hata mashine ikiwa imetoka kiwandani jana. Mwombaji wa shahada anayetoka kidato cha sita hutakiwa awe na ufaulu wa masomo mawili makuu wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni pointi 5 na E ni pointi 1. Sasa chukua programu inayopokea vijana wenye A mbili, na nyingine inayopokea wenye D mbili, kisha ulinganishe matokeo yao ya mwisho bila kutaja mlangoni waliingia na nini: utakuwa umeipa tuzo korona kwa kazi ya shamba. (Kwa vijana afadhali kidogo kuliko kwa mkonge, maana jani la mwanafunzi linaweza kurefuka, ndiyo kazi yenyewe tunayotaka kuipima.)

Wanafizikia wa Marekani walilikabili jambo hili mapema kuliko wengi wetu. Mwaka 1992 David Hestenes na wenzake walichapisha jaribio fupi la maswali ya kuchagua kuhusu nguvu na mwendo, lisilo na hesabu hata moja. Swali mojawapo ni la lori kugongana uso kwa uso na gari dogo: ni lipi linalolisukuma jenzake kwa nguvu zaidi? Msafiri yeyote wa barabara ya Chalinze kwenda Segera atajibu ni lori, na atakuwa amekosea, kwani nguvu ni sawa pande zote mbili. Kinachotofautiana ni madhara. Wanafunzi wengi waliofaulu mitihani ya kawaida kwa kutumia fomula waliliangukia swali hilo. Jaribio hilo hutolewa mwanzo wa kozi na kurudiwa mwishoni, na kinachotazamwa ni sehemu gani ya pengo kati ya alama za mwanzo na alama kamili imezibwa. Tuseme darasa limeanza na wastani wa 30 kati ya 100 likafika 65: pengo lilikuwa 70, limezibwa 35, yaani nusu. Darasa jingine limeanza na 70 likafika 82: pengo lilikuwa 30, limezibwa 12, yaani chini ya nusu. La pili lina alama kubwa, la kwanza ndilo lililojifunza zaidi. Mwaka 1998 Richard Hake alikusanya matokeo ya namna hii kutoka kozi 62 zenye wanafunzi 6,542, akaona kwamba kozi za mihadhara mitupu ziliziba kwa wastani 0.23 ya pengo, na zile zilizowalazimisha wanafunzi kufikiri na kujadiliana darasani ziliziba 0.48. Huna haja ya fizikia kufanya hivyo. Maswali kumi yaliyotungwa vizuri, yaliyoulizwa wiki ya kwanza na kuulizwa tena wiki ya mwisho, yanamtosha mwalimu wa somo lolote, iwe uhasibu au historia ya pwani.

Sasa nije kwenye suala la kuwauliza wanafunzi. Sisemi wasiulizwe. Wanajua kama mwalimu anafika darasani, kama anarudisha kazi zilizosahihishwa, kama anawatukana. Hayo hakuna ajuaye kuliko wao. Lakini ukiwauliza wamejifunza kiasi gani, wengi watakuambia ni kiasi gani walijisikia raha. Kwetu palikuwa na mhadhiri mmoja aliyependwa sana, mcheshi, ambaye kipindi chake kilikuwa kama kibarazani, na aliyekuwa akiwasomea dondoo taratibu ili wote wamalize kunakili. Kila aliyetoka pale aliamini ameelewa. Utafiti wa Louis Deslauriers na wenzake wa Harvard, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta jambo hilo hilo: wanafunzi wa fizikia waliotatua maswali wenyewe kwa makundi walipata alama kubwa zaidi kuliko waliosikiliza mhadhara mzuri uliopangika, lakini waliosikiliza mhadhara ndio walioona wamejifunza zaidi. Kufikiri kunachosha, na mchovu hudhani amekwama. Lililonitisha zaidi ni la Scott Carrell na James West, la mwaka 2010, kutoka chuo cha jeshi la anga la Marekani, ambako wanafunzi hupangiwa maprofesa kwa bahati nasibu. Maprofesa ambao wanafunzi wao walipata alama kubwa katika hisabati ya mwaka wa kwanza ndio waliosifiwa, lakini wanafunzi hao hao walifanya vibaya zaidi katika masomo ya juu yaliyofuata. Niliposoma hilo nilikumbuka grafu yangu ubaoni.

Wapo pia watakaokuonyesha cheti cha ithibati cha Tume ya Vyuo Vikuu. Ni kitu cha lazima, lakini kinahusu mtaala, walimu na vifaa. Hakipimi aliyekaa darasani ameondoka na nini. Hata Uingereza, ilipoanza mwaka 2017 kuvipa vyuo daraja la dhahabu, fedha au shaba kwa ufundishaji, ilitegemea zaidi maoni ya wanafunzi, idadi ya wanaoendelea na masomo na ajira za wahitimu, vitu vilivyo jirani na kujifunza lakini si kujifunza kwenyewe. Tusijione wanyonge kwa kukosea.

Nirudi kwenye kamati yetu, kwa sababu ninayojutia zaidi si tuliyempa tuzo bali tuliyemnyima. Kati ya maombi yale tisa lilikuwemo la kurasa mbili, halina picha hata moja, la mwalimu mmoja kijana wa hisabati. Alikuwa amewafundisha wanafunzi kadhaa wa mwaka wa pili kuketi na wenzao wa mwaka wa kwanza mara mbili kwa wiki kwenye baraza ya maktaba, kwa sharti moja: anayeongoza haruhusiwi kutoa jibu, huuliza swali jingine tu. Mpango wa aina hiyo si mgeni duniani. Chuo Kikuu cha Missouri kilichoko Kansas City kiliuanzisha mwaka 1973, na busara yake ni kwamba huelekezwa kwenye somo gumu, hauelekezwi kwa mwanafunzi dhaifu, hivyo hakuna anayeona aibu kuhudhuria. Sisi tuliuweka kando. Mjumbe mmoja alisema hauna ubunifu. Mimi, mwalimu wa takwimu, nilisema wanaohudhuria ni wale wenye bidii tangu mwanzo, basi wangefaulu hata bila baraza. Hoja hiyo ilikuwa sahihi. Kosa langu lilikuwa kuifanya mwisho wa mazungumzo wakati ilipaswa kuwa mwanzo wa kazi. Mwaka uliofuata, nikiwa nimekwisha kuona haya, niliketi na mwalimu yule tukachukua pointi za kidato cha sita za kila mwanafunzi, tukawalinganisha waliohudhuria na wasiohudhuria wenye pointi zile zile. Tofauti ilibaki, na ilikuwa kubwa zaidi kwa walioingia na pointi za chini kabisa. Hilo bado si ushahidi kamili, kwa sababu bidii haiandikwi kwenye cheti cha kidato cha sita, lakini ni zaidi ya chochote tulichokuwa nacho siku ya pilau.

Anayetaka ushahidi kamili atumie kura ya bahati nasibu. Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango unaoitwa ASAP kwa wanafunzi wa shahada fupi za miaka miwili, na mpango huo ulipochunguzwa, waliotaka kujiunga walipigiwa kura nani aingie na nani abaki na huduma za kawaida. Baada ya miaka mitatu, asilimia 40 ya waliobahatika walikuwa wamehitimu, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao. Angalia kilichokuwamo ndani yake: mshauri mwenye wanafunzi wachache kiasi cha kuwajua, msaada wa masomo, vitabu, na nauli. Nauli! Nimewahi kuwa na mwanafunzi aliyekuwa akitembea kutoka Mabokweni kuja chuoni kila mwisho wa mwezi, nami nikimwandika mchelewaji. Basi usiwadharau wanaoleta ombi linalohusu chakula au usafiri ukidhani hayo si ufundishaji. Na kura si dhuluma pale ambapo nafasi ni chache kuliko waombaji. Ni haki zaidi kuliko kumpa nafasi aliyewahi foleni.

Kwa maombi yako kumi na moja, ningefanya hivi. Yarudishe yote, bila majibu, uambatanishe karatasi moja inayoomba waeleze wanafunzi walianza na nini, ni wangapi waliosajiliwa na hawakufika mwisho na walikwenda wapi, na ni nani anayewafundisha hivi sasa. Usishangae yakirudi matano. Kisha uende ukaongee na huyo wa mwisho, yule anayewapokea wanafunzi baada ya mpango kumalizika, kwa sababu hana cheti cha kushindania na ndiye anayeonja chumvi ya mchuzi uliopikwa na mwingine. Muulize ni kitu gani hahitaji tena kukifundisha upya. Kama ratiba ya kamati inakulazimisha kutoa tuzo mwezi huu, jaribu kuwashawishi wenzako isogezwe muhula mmoja ili mpate kusikia kutoka kwa mtu huyo. Sisi hatukusubiri hata wiki.

Fedha za tuzo, kama zipo, zipelekwe kwenye mpango wenyewe, zisiishie mfukoni mwa mkuu wa idara. Mwalimu yule wa hisabati alikuwa akinunua chaki na karatasi za baraza lake kwa mshahara wake, na alihama kabla chuo hakijamkumbuka.

Ukikwama kwenye majedwali ya pointi, niandikie kwenye kisanduku cha ujumbe. Na wenzako wakikubali nikae nanyi siku moja, sina shaka na safari: basi la Tanga litanishusha Msata asubuhi, na kutoka hapo hadi Bagamoyo nitafika kabla ya adhuhuri.