Sindano za joto kwenye tanuri la moshi: kwa wanaoanza kubanika Tanga

Ukichomelewa pipa la lita 200 liwe tanuri la moshi, na fundi akakuwekea saa ya joto kwenye kifuniko, usiipikie. Saa hiyo iko juu, hewa ya moto hupanda huko huko, na nyama imelala chini kwenye wavu. Isitoshe, ndani ya pipa moja upande wa sanduku la moto unaweza kuzidi upande wa bomba la moshi kwa nyuzi 20 hadi 30. Sindano ya joto, yaani kipimajoto cha chuma chembamba chenye waya unaopeleka namba kwenye kioo cha kusomea, nayo inasoma pale tu ncha yake ilipo, si sentimita 5 pembeni. Makosa mengi ya wanaoanza yanatoka hapo.

Kwa kuanzia zinatosha sindano mbili za waya: moja ya hewa, moja ya nyama. Za hewa huja na klipu ya kubana kwenye wavu. Ikipotea, toboa kipande cha kiazi mbatata, pitisha sindano mpaka ncha itokeze upande wa pili, kisha kilaze wavuni. Muhimu ncha isiguse chuma. Iweke kimo kile kile cha nyama, sentimita 4 au 5 kutoka kwenye nyama. Ukiisogeza karibu zaidi itasoma ubaridi unaotoka kwenye nyama mbichi, nawe utaongeza kuni bila sababu.

Kabla ya kupika, zijaribu. Jaza bilauri vipande vya barafu safi, ongeza maji kidogo tu yazibe mianya, koroga, tumbukiza ncha bila kugusa kioo, subiri dakika 2. Isome 0, na ikikosea nyuzi 1 si neno. Usitumie barafu ya kuhifadhia samaki iliyochanganyika na maji chumvi, kwani chumvi huishusha chini ya 0 na utailaumu sindano bure. Halafu ipime kwenye maji yanayotokota: hapa mjini, usawa wa bahari, isome 100. Ukiwa Lushoto usishangae ukiona karibu 95. Maji ya milimani huchemka mapema. Iliyopotoka nyuzi 3 kwenye vipimo vyote viwili bado inafaa ukiandika tofauti hiyo kwenye plasta na kuibandika kwenye waya. Inayorukaruka haifai.

Kwenye nyama, tafuta pale panapochelewa kuiva: katikati ya sehemu nene, mbali na mfupa, mbali na tabaka la mafuta. Kidari cha ng'ombe kina minofu miwili iliyolaliana na mafuta katikati, na ncha ikiangukia kwenye mafuta hayo namba haikwambii habari ya mnofu. Ingiza kwa ubavuni, ipitilize katikati kidogo, kisha ivute nje polepole, nusu sentimita kwa wakati, huku ukitazama kioo. Tuseme inasoma 58, 56, 53, halafu 55. Irudishe pale kwenye 53. Hapo ndipo moyo wa nyama.

Moto wa kuni hautulii kama jiko la gesi, na hautakiwi kutulia. Lenga hewa iwe kati ya nyuzi 110 na 125, na usiguse kitu namba ikicheza humo. Ukiongeza kuni, subiri dakika 15 ndipo uamue tena. Kipande kimoja kikavu cha mchungwa au mpera, unene wa kifundo cha mkono, ni bora kuliko gogo. Kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yake: namba inashuka, moshi mweupe mzito unajaa, nyama inakuwa chungu. Mlango wa sanduku la moto usitazame upepo unakotoka, hasa wakati wa kusi. Joto litapanda ghafla na utadhani sindano imeharibika. Na kila unapofunua kifuniko, namba ya hewa itaanguka. Funika, iache ipande yenyewe.

Kisha kuna saa za kugoma. Kidari kikifika nyuzi 65 hadi 75 namba husimama, pengine kwa muda wa saa 2, 3 au zaidi. Sindano ni nzima na moto haujapungua. Nyama inatoa jasho, na jasho likikauka linaipoza, sawasawa na mtungi unavyopoza maji ya kunywa. Mgeni hapa hujaza kuni na kuunguza ngozi ya nje. Ama vumilia, ama kifunge kwenye karatasi ya kaki isiyo na nta, au foili, ili jasho lisikauke. Sindano ibaki ndani.

Kuku mtoe akifika 74 kwenye kidari na kwenye paja pia. Wa kienyeji anahitaji zaidi ili alainike. Nyama ya kusaga ifike 71. Kidari cha ng'ombe huwa tayari kwenye 93 hadi 96, lakini hapo namba inakuita tu ukaangalie. Dunga sehemu kadhaa: sindano ikiingia kama kwenye papai bivu, toa; ikikaza, funika tena. Sindano iliyotoka kwenye nyama mbichi ioshe kwa maji ya moto na sabuni kabla ya kugusa iliyoiva.

Kinachoua sindano mara nyingi ni maji yanayopenya pale waya unapoingia kwenye chuma. Osha chuma peke yake, kiungo hicho kisizame. Ikianza kuonyesha vistari au namba za ajabu, ilaze kwenye tanuri lenye nyuzi 110 kwa muda wa saa moja. Mara nyingine hufufuka. Waya upitishe kwenye tundu lake la milimita 12 lililopigwa tupa, usibanwe na kifuniko wala usipite mbele ya sanduku la moto. Plagi ifute ikauke na uihifadhi kwenye kopo lenye kifuniko, kwa sababu hewa ya chumvi ya pwani huanza kuila pale kwenye shaba.