Kabla Hujalipia Mafunzo ya Uongozi wa Milimani na Porini

Wanafunzi wa vyuo huniuliza mara kwa mara wajiunge na mafunzo gani ya kuongoza safari za milimani na porini, na karibu wote huanza na bei au cheti. Mimi huwaomba waanze na swali jingine: katika siku zote za mafunzo hayo, nitaongoza mwenyewe siku ngapi, na ni nani atakayeketi nami jioni kunieleza nilipokosea?

Swali hilo nililipata Mlima Kenya nikiwa mwaka wa pili chuoni. Tulikuwa saba, na zamu yangu ya kuongoza iliangukia siku ya kupanda kutoka Old Moses, mita 3,300, hadi kambi ya Shipton's, mita 4,200. Nilitangulia na ramani na dira, nikifurahi kwamba hatukupotea wala kuchelewa, huku mkufunzi akitembea nyuma kabisa bila kusema neno. Tulipofika kambini, mwenzetu aliyekuwa wa mwisho aliinama kufunga kamba za viatu. Vidole vikamkatalia, akarudia mara tatu, akisisitiza kwamba ni uchovu tu. Mkufunzi akanigeukia: "Kiongozi, huyu leo amekunywa maji mara ngapi?" Sikuwa na jibu. Alimtembeza kwenye mstari mnyoofu, akayumba, na jioni ile ile akateremshwa, kwa sababu maradhi ya mwinuko, yaani yale yanayoletwa na hewa nyepesi ya juu mlimani, yakishafika hatua hiyo hayasubiri asubuhi. Usiku, baada ya kupata habari kwamba mgonjwa amepata nafuu, mkufunzi alinikalisha karibu saa nzima tukaipitia siku yangu hatua kwa hatua. Saa hiyo ilinifaa kuliko kilele.

Kwa mwanafunzi aliye Kenya mwenye fedha kidogo, ningeanza na Tuzo ya Rais, ambayo ni sehemu ya mpango ulioasisiwa Uingereza mwaka 1956 na ambao huwapokea vijana wa miaka 14 hadi 24. Ngazi ya dhahabu, iliyo ya juu kabisa, hudai, pamoja na huduma kwa jamii, stadi na mazoezi ya mwili, safari ya siku 4 na usiku 3 inayopangwa na kikundi chenyewe, na kupanga wenyewe ndiko kunakofundisha. Usingoje mwaka wa mwisho, maana umri utakufungia mlango.

Anayetaka kozi yenye wakufunzi muda wote aulizie Outward Bound pale Loitokitok, chini ya Kilimanjaro upande wa Kenya. Shirika hilo lilianzia Aberdovey, Wales, mwaka 1941, na kazi yake tangu mwanzo imekuwa kumjenga kijana kwa kumpa jukumu halisi. Kwa Mtanzania anayetaka kuifanya kazi hii kuwa taaluma, Chuo cha Mweka, kilichofunguliwa mwaka 1963 kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kinafundisha usimamizi wa wanyamapori kwa vitendo porini. Hiyo, hata hivyo, ni safari ya miaka, si ya likizo.

Popote utakapokwenda, soma kwanza huduma ya kwanza ya porini. Kozi fupi huchukua takriban saa 16, na ile ya kina takriban 70 au 80. Mjini unamtuliza majeruhi hadi gari lifike. Mlimani unaweza kukaa naye saa nyingi kwenye baridi, ukiamua mwenyewe kama abebwe, atembezwe au aongezewe nguo.

Kabla ya kulipa, piga simu uzungumze na mkufunzi mwenyewe, si mhasibu. Muulize kila mkufunzi huchukua wanafunzi wangapi, na kama zamu za kuongoza zinamfikia kila mmoja au wale wenye sauti kubwa tu. Muulize pia, kwa njia mtakayopita, mgonjwa atateremshwa na nani, kupitia wapi, na itachukua saa ngapi kufika barabarani.