Dada wa Mbagala, kaombe bloku ya mzee

Juzi usiku dada mmoja wa Mbagala kaniandikia. Baba yake ana saratani ya mapafu, hatua ya nne, wameambiwa wamrudishe nyumbani wakamuuguze. Anauliza: nikitafuta daktari mwingine, huyu wa kwanza hatakasirika? Ujumbe wake nimeusoma mara tatu. Swali hilohilo lilinikwamisha mimi.

Mzee wangu hakuwahi kugusa sigara. Alipoanza kukohoa akapewa dawa za kifua kikuu, miezi sita kamili, na makohozi hayakuonyesha chochote. Dar kila kikohozi sugu ni TB kwanza. Maji yalipojaa kifuani ndipo wakachukua kinyama, jibu likaja: saratani, na imeshafika kwenye mifupa. Daktari alitueleza akiwa amesimama mlangoni, mkono kwenye kitasa. Kitasa kile nakiona mpaka leo.

Niliposema tukaulize kwingine, baba mdogo alinigeukia mbele ya wageni: "Wewe udaktari umesomea lini?" Nikanyamaza wiki tatu.

Nilipokata shauri nilikwenda maabara kuomba bloku, yaani kile kinyama kilichohifadhiwa kwenye nta, kidogo kuliko kiberiti. Mhudumu akanishangaa, nikasaini, nikapanda daladala nimekikumbatia ndani ya bahasha ya kaki kama kichanga. Ocean Road, hospitali ya saratani, daktari alianza na ripoti kabla hata ya kumgusa mzee. "Jeni hawakupima?" Hawakupima. Bloku ikasafirishwa India, ikarudi na herufi nne: EGFR, jina la jeni iliyobadilika kwenye saratani ya mzee. Badiliko hilo huonekana zaidi kwa wasiovuta sigara, na lina vidonge vyake. Hatua ya nne haviiponyi, na bei yake ilimeza kiwanja chetu cha Chanika. Lakini mzee aliyekuwa akibebwa kwenda chooni, mwezi wa pili wa vidonge alitoka mwenyewe alfajiri kwenda msikitini. Tukakaa naye mwaka na miezi saba. Baba mdogo kala naye Idi zote za muda huo, na kwangu hajatamka neno.

Basi dada, kaombe bloku. Omba ripoti ya patholojia, yaani majibu ya kile kinyama, omba picha za CT kwenye sidii, usiondoke na maneno matupu. Usiulize hatua tu, uliza ni saratani ya aina gani na kama jeni zimepimwa. Huenda kwa mzee wako lisipatikane badiliko lolote, lakini mtakuwa mmeuliza. Kama maji yamejaa kifuani na anahema kwa shida, atolewe maji kwanza, daktari wa pili atasubiri siku mbili. Na nyie kaka na baba wadogo mnaosoma hapa, acheni kuwafunga mabinti midomo halafu mkalia kwa sauti msibani. Kaombeni bloku!

Ama hasira za daktari: wa kwetu nilipomwomba barua ya rufaa aliiandika palepale, hata kichwa hakuinua, akaita mgonjwa anayefuata.