Re: Je, kusaka umaarufu mtandaoni kunaweza kumfanya kijana aue?

Mkuu, peke yake hapana, ila kunachochea. Mei 2014 huko Isla Vista, California, kijana wa miaka 22 aliua watu 6. Kabla ya kuanza kufyatua risasi alijirekodi akiwa ndani ya gari lake, anajisifu huku analalamika kwamba wasichana hawamtaki, kisha akaipandisha video YouTube. Yaani yeye staa, sisi watazamaji! Na vyombo vya habari vikairusha tena na tena, sawasawa na alivyotaka. Jacinda Ardern, aliyekuwa waziri mkuu wa New Zealand, alifanya la maana 2019: baada ya mauaji ya misikitini kule Christchurch aligoma kabisa kulitamka jina la muuaji. Sisi je? Video za wanafunzi wakipigana tunazisambaza wenyewe kwenye magrupu ya WhatsApp, tena na vikatuni vya kucheka.