Maswali ya Wasomaji: Protini za Utando na Kugawanyika kwa Hamira

SWALI: Mhariri, hamira huzaana kwa kuchipua. Je, protini za utando wa seli zina kazi gani mama na chipukizi wanapotengana? (Mwalimu wa biolojia, Tanga)

JIBU: Ndugu Mwalimu, katika hamira ya mkate, Saccharomyces cerevisiae, kazi huanza mapema, kwa kuwa katika seli zenye seti moja ya kromosomu protini Axl2, iliyopenya utando, husaidia kuonyesha mahali pa kuchipua. Baadaye protini ziitwazo septini, ambazo hushikamana na utando kwa ndani bila kuupenya, hujipanga kuwa pete shingoni, yaani sehemu nyembamba inayounganisha mama na chipukizi.

Kinachostahili kutazamwa kwa makini zaidi ni Chs2, kimeng'enya kilichopenya utando, ambacho huzuiliwa katika retikulamu ya endoplazimu (mtandao wa vijia ndani ya seli) mpaka kromosomu zimekwisha kutengana, ndipo husafirishwa hadi shingoni na kujenga ukuta wa kaitini, dutu ngumu ya kuta za seli za kuvu, huku pete ya protini za aktini na miosini ikijikaza. Mpangilio huo wa wakati ni wa ajabu kweli, kwani ukuta ukijengwa mapema ungeweza kuifunga njia kabla chembe za urithi hazijagawanywa. Mwishowe kimeng'enya kingine humumunya kaitini, chipukizi akaachana na mama, na kovu likabaki kwenye ukuta wa mama.