Savannah, Georgia kwa anayefika mara ya kwanza: siku mbili, miguu yenu, na mama mwenye magoti

Mkuu, umesema mnatoka Atlanta watatu, wewe, mkeo na mama, mnalala Savannah usiku mbili wiki ya pili ya Oktoba. Mama magoti yanamsumbua na nguruwe hali. Unauliza mwanzie wapi, msije mkaishia kupiga picha mtoni na kugeuza gari. Jibu langu ni refu, maana mji huu wengi wanaupita bila kuusoma.

Aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar au Lamu, akisikia mji wa kale anatarajia vichochoro. Savannah ni kinyume chake. James Oglethorpe alipoanzisha koloni la Georgia mwaka 1733 aliupima mji kwa mistari iliyonyooka, na kila mtaa akauachia uwanja wazi wa mraba katikati. Wenyeji wanauita square, nami nitauita skwea. Zilikuwa 24, leo zimebaki 22, zote zina mialoni mikubwa na mabenchi. Kaskazini na kusini mwa skwea vilipangwa viwanja vya nyumba za kuishi, mashariki na magharibi vikaachiwa majengo ya watu wote. Ndiyo maana ukisimama katikati ya skwea ukatafuta kanisa au jumba la makumbusho, kwanza angalia mashariki au magharibi. Mara nyingi utalipata huko.

Mpango huo ndio unaomfaa mama: kila mkitembea dakika tatu au nne kuna benchi na kivuli. Kutoka jumba la manispaa lenye kuba la dhahabu hadi bustani ya Forsyth, kwa barabara ya Bull, ni kama kilomita moja na nusu, tambarare, na njiani kuna skwea tano. Jambo la kuangalia ni njia za miguu. Mizizi ya mialoni imeinua matofali, na watu wanajikwaa kwa sababu macho yako juu kwenye matawi. Avae raba, kandambili aziache hotelini.

Siku ya kwanza anzeni saa mbili na nusu asubuhi, kabla mabasi ya kitalii hayajajaa. Skwea ya kwanza ni Johnson. Ya pili, Wright, ndiyo wengi wanayoikosea. Watu wanapiga picha mnara mkubwa wa katikati, ambao ni wa William Gordon, mtu wa reli. Lakini hapo ndipo alipozikwa Tomochichi mwaka 1739, mkuu wa Wayamacraw, watu wa asili wa hapa, aliyewapokea Waingereza. Mwaka 1883 mnara wa Gordon ukajengwa juu ya kaburi lake. Alichorudishiwa ni jiwe la matale lililowekwa 1899 kwenye kona ya kusini-mashariki. Litafuteni hilo. Skwea ya tatu, Chippewa, ina sanamu ya Oglethorpe mwenyewe akitazama kusini, kwa maadui zake Wahispania wa Florida. Benchi maarufu la filamu ya Forrest Gump ya 1994 mtu asikusumbue nalo: lilikuwa pambo la upigaji picha, na halipo pale.

Madison ni ya nne, na hapo kaeni. Upande wa magharibi kuna nyumba ya Green-Meldrim, ambako Jenerali Sherman wa jeshi la Kaskazini, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, alikaa baada ya kuuteka mji Desemba 1864. Tarehe 12 Januari 1865 viongozi 20 wa makanisa ya watu weusi waliitwa humo ndani wakaulizwa watu wao wanataka nini. Wakajibu: ardhi. Siku nne baadaye ikatoka amri ya kugawa ardhi ya pwani kwa vipande visivyozidi ekari 40. Kabla mwaka haujaisha, Rais Andrew Johnson akairudisha kwa wenyewe wa zamani. Nyumba haifunguliwi kila siku, basi angalieni ratiba yake kabla ya kupanga. Hata ikiwa imefungwa, ukilijua hilo utaitazama kwa jicho jingine.

Ya tano ni Monterey, kisha mnatokea Forsyth kwenye chemchemi ya 1858. Mapumziko yawe hapo, maji na choo.

Kurudi msipite Bull tena. Shikeni Abercorn, upande wa mashariki. Mtapita skwea ya Taylor, ambayo hadi majuzi ilikuwa na jina la John C. Calhoun, mtetezi mkubwa wa utumwa. Mwaka 2023 baraza la jiji liliipa jina la Susie King Taylor, mwanamke aliyezaliwa utumwani akawa mwalimu na muuguzi wa askari weusi wakati wa vita. Ramani na vitabu vya zamani bado vina jina la kwanza, msije mkadhani mmepotea. Mbele kuna kanisa kuu la Kikatoliki, halafu makaburi ya Colonial Park, halafu skwea ya Oglethorpe.

Mama akichoka kabla ya hapo, liko basi dogo la bure linaloitwa dot, linazunguka katikati ya mji na kupita Forsyth. Halina maelezo, ni usafiri tu. Mabasi ya kitalii ya kulipia yana mwongozaji na unaruhusiwa kushuka na kupanda. Ushauri wangu: mkikata tiketi, zungukeni mzunguko mmoja asubuhi bila kushuka. Ikifika saa sita yanakuja yamejaa, mkishuka mtasimama juani mkisubiri jingine lenye nafasi tatu.

Sasa milango ya kulipia. Majumba ya kifahari ni mengi na mkiingia manne mfululizo yote yanafanana: ngazi, taa, meza ya chakula. Chagueni mawili.

La kwanza ni Owens-Thomas, hapo hapo skwea ya Oglethorpe, lililokamilika 1819. Silipendekezi kwa ajili ya fanicha. Ziara inaanzia nyuma, kwenye makazi ya watumwa, kabla ya kuingia jumbani. Inueni macho darini: kuna mabaki ya rangi ya buluu ya nili, waliyopaka wenyewe walioishi humo. Maelezo yanayotolewa ni kwamba buluu ile ilikuwa ya kuzuia mizuka. Mama hatahitaji kufafanuliwa. Jumba lenyewe lilikuwa na mabomba ya maji ndani wakati karibu nyumba zote za Marekani zilikuwa hazina, na mkishuka chini mtaona nani alifanya kazi ya kuyahudumia. Mnaingia kwa zamu zenye saa maalumu, kwa hiyo kateni tiketi mtandaoni siku moja kabla. Tiketi hiyo hiyo inafungua majumba mengine mawili ya makumbusho ya Telfair, isitupwe. Kuna ngazi. Mwambieni mhudumu wa mapokezi kuhusu magoti kabla ya kuanza, si mkiwa katikati.

La pili si jumba bali kanisa, First African Baptist, skwea ya Franklin, upande wa magharibi karibu na City Market. Ni miongoni mwa makanisa ya kale kabisa ya watu weusi Marekani, na jengo hili lilikamilika 1859 kwa mikono ya watumwa waliokuwa wakija kulijenga usiku baada ya kazi za mabwana zao. Roshani bado ina mabenchi yao yenye alama walizochonga. Chini ya kanisa kuna sakafu ya mbao yenye matundu yaliyopangwa kama almasi yenye msalaba ndani. Waongozaji wa kanisa wanaeleza mambo mawili: kwamba ni mchoro wa Bakongo unaoonyesha mzunguko wa uhai, na kwamba matundu yaliwapa hewa watoro waliojificha chini ya sakafu. Ziara ni za saa maalumu, na Jumapili ni siku ya ibada. Mkitoka, tazameni sanamu za askari katikati ya skwea. Ni wale watu weusi huru kutoka Haiti ya leo, zaidi ya 500, waliokuja kupigana hapa dhidi ya Waingereza mwaka 1779.

Ziara za mizimu za usiku watawauzia kila kona. Kama mnataka kicheko, sawa. Kama mnataka historia, fedha hiyo ipelekeni makumbusho ya haki za kiraia ya Ralph Mark Gilbert, barabara ya Martin Luther King.

Mtoni nendeni jioni, jua likipungua. Tatizo la River Street ni kushuka. Mji uko juu ya ukingo, barabara iko chini, na katikati kuna ngazi za mawe zilizosimama wima, hazilingani kimo, zikilowa zinateleza kama kamasi. Zina vibao vya kukuonya kwamba ukianguka ni juu yako. Mama asipite hapo. Ulizeni lifti iliyo karibu na jumba la manispaa. Barabara yenyewe imetandikwa mawe ya farumi, yale yaliyokuja yamewekwa matumboni mwa meli kuzipa uzito kisha yakashushwa ili pamba ipakiwe. Ni mabaya kwa magoti, magurudumu na visigino, tembeeni upande wa maji ulio sawa. Kuna kivuko cha bure kwenda ng'ambo kisiwani: dakika chache, upepo mzuri, na kutoka majini ndipo mnaona yale maghala ya pamba yote kwa pamoja. Mtawaona watu wakitembea na pombe mkononi. Eneo la kihistoria linaruhusu kikombe cha plastiki kisichozidi aunsi 16. Chupa au kopo ni faini.

Gari liacheni hotelini. Kabla ya kulipia chumba ulizeni maegesho ni kiasi gani kwa usiku, maana bei hiyo haionekani kwenye tangazo. Mkiegesha mtaani, soma vibao viwili: cha mita na cha siku ya kufagia barabara. Wageni wanalipa mita vizuri kisha wanaamka na tiketi ya faini kwa sababu ya kibao cha pili. Ukiendesha kuzunguka skwea ni upande mmoja tu, skwea ikiwa kushoto kwako, na aliye ndani ya mzunguko ana haki ya kupita kwanza.

Chakula. Hapa mama anahitaji msemaji, kwa sababu nguruwe wa kusini hajitangazi. Zile mboga za collards ni sukuma wiki yetu kabisa, lakini kwa kawaida zimechemshwa na mguu wa nguruwe uliokaushwa kwa moshi. Wali mwekundu wa nyanya una bekoni au soseji ndani. Maharage vilevile. Swali la "kuna nyama?" halitoshi, watakujibu hakuna, maana kwao ile ni kiungo tu. Uliza hivi: vimepikwa na mafuta au mfupa wa nguruwe? Salama zaidi ni samaki, kaa na kamba, lakini uliza pia mafuta ya kukaangia. Kamba na grits ni mlo wa kuujaribu: mahindi yaliyoparazwa na kupikwa yakawa kati ya uji na ugali, juu yake mchuzi, na bekoni huwa ndani ya huo mchuzi. Biskuti nyembamba za benne ni za ufuta na sukari, mbegu iliyoletwa na Waafrika. Bahashishi ni asilimia 18 hadi 20, na soma risiti kwanza isije ikawa imeshajumlishwa.

Siku ya pili tokeni nje ya mji, na hapa chagueni kimoja asubuhi na kingine alasiri. Makaburi ya Bonaventure ni dakika kama kumi na tano kwa gari, bure, hufungwa saa kumi na moja jioni. Unaweza kuendesha ndani polepole, mama akatazama kutoka kwenye kiti. Zile ndevu za kijivu zinazoning'inia mitini msiziokote chini, zikishaanguka huwa na vidudu vinavyowasha siku kadhaa. Usubi nao wapo Oktoba, hasa alfajiri na magharibi upepo ukitulia. Mikono mirefu inasaidia kuliko dawa.

Kingine ni ngome ya Fort Pulaski, njiani kuelekea kisiwa cha Tybee. Aprili 1862 mizinga mipya ya jeshi la Kaskazini, yenye mifuo ndani ya mtutu ilitoboa kuta zake kwa muda wa saa 30 hivi, kuta ambazo watu waliamini hazitoboki. Matundu na baadhi ya makombora bado yamo ukutani. Mkitaka bahari, endeleeni hadi Tybee, lakini barabara ni moja tu, ya 80, inapita kwenye kinamasi. Msimu huu maji makuu yakijaa inafunikwa. Tazameni jedwali la maji la kituo cha Fort Pulaski: maji yakikaribia futi 10, msivuke saa moja kabla wala saa moja baada ya kilele. Na kwa kuwa msimu wa vimbunga unaisha Novemba 30, chukueni hoteli inayokubali kughairi.

Mkiondoka kurudi Atlanta, kabla ya kushika I-16, pitieni kona ya Dulany na Augusta magharibi mwa mji. Kuna kibao na kibustani kidogo tu. Karibu na hapo, Machi 2 na 3 mwaka 1859, watumwa 436 waliwekwa mnadani katika uwanja wa mbio za farasi kulipa madeni ya bwana wao, Pierce Butler, mwenye mashamba. Ni eneo la makazi ya watu, egesheni vizuri na msikae sana.

Mafuta jazeni kabla ya kutoka, barabara ni ndefu na vituo vimeachana. Na mkiona kibanda kimeandikwa "boiled peanuts" simameni: ni karanga za kuchemsha na maganda yake, zenye chumvi, mama atazijua kabla hujaegesha. Watu wa kusini karanga wanaziita pia goober, kutoka nguba ya Kikongo. Chukueni zinazochotwa kwenye sufuria ya moto, za kopo zimelainika mno. Ulizeni kama ni za kawaida au za pilipili, na ziliwe siku hiyo hiyo, zikilala kwenye gari zinachacha.