Kulinganisha plaiwudi na bodi zinazoingia Kenya na Tanzania

Mkuu, umeuliza kati ya Kenya na Tanzania ni ipi inayotegemea zaidi plaiwudi, chipbodi na MDF (bodi ya nyuzi za mbao) kutoka nje, ukachora grafu kwa dola. Mimi nina karakana ya samani Keko, Dar es Salaam, na kabla ya hapo nilifanya kazi Gikomba, Nairobi, miaka minne, kwa hiyo bodi za pande zote mbili zimepita kwenye msumeno wangu.

Kwanza achana na dola. Forodha zetu zinahesabu thamani ya mzigo pamoja na nauli na bima, na 2021 nauli ya kontena kutoka China ilipaa vibaya sana. Mwaka ule nililipa pesa nyingi zaidi kwa bodi chache zaidi. Kwenye grafu yako itaonekana tuliagiza kwa wingi, kumbe karakana zilikuwa zinalia njaa. Tumia mita za ujazo. FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wanazo za plaiwudi kuanzia 1961. Nazo uzisome kwa makini: shiti za futi 8 kwa 4 zenye unene wa milimita 18 zinaingia kama 19 kwenye mita moja ya ujazo, lakini zile nyembamba za milimita 3 za kuvalisha milango zinaingia zaidi ya 110.

Sasa Kenya. Hapo usisome mstari bila kujua habari ya misitu. Mwaka 1999 serikali ilizuia ukataji kwenye misitu yake, ila viwanda vikubwa kama RaiPly ya Eldoret na Timsales ya Elburgon viliruhusiwa kuendelea. Februari 2018 likaja zuio jipya la misitu ya umma, likaongezwa muda mara kadhaa, mpaka Julai 2023 Rais Ruto alipotangaza kuliondoa. Katikati ya 2018 nilipanda Mafinga, wilayani Mufindi mkoani Iringa, kufuata plaiwudi, nikakuta wanunuzi kutoka Kenya wamejaa kiwandani, wanalipa taslimu, malori yao yamepanga foleni. Oda yangu ilisubiri wiki tatu, na bei niliyoachiwa haikuwa ile tuliyokubaliana kwa simu. Iliniuma, lakini nilielewa: mwenzako akifungiwa msitu wake atakuja kwenye wako.

Kwa hiyo ndani ya bodi zinazoitwa za nje huko Kenya kuna misindano na mikalitusi ya Mufindi, na nyingine kutoka Uganda. Ukizijumlisha na za China unapoteza habari yenyewe.

Na Tanzania kuwa na Sao Hill, shamba kubwa la miti la serikali huko Mufindi, hakumaanishi hatuagizi. Mafinga kuna mashine za kumenya magogo kupata vinia (karatasi nyembamba za mbao) na plaiwudi. MDF ni kazi nyingine kabisa, mti unasagwa mpaka nyuzi, unashindiliwa kwa gundi na joto, mtambo wake ni mtaji mzito. MDF ninayonunua mimi inashuka bandarini. Ndiyo maana tenganisha kwa namba za forodha: 4410 chipbodi, 4411 MDF na bodi nyingine za nyuzi, 4412 plaiwudi. Mzigo wa Zambia na Kongo unaopita Dar usiuhesabu.

Anza na 4412 ya Kenya, 2015 hadi 2024, Afrika Mashariki safu yake na Asia safu yake. Ukimaliza iweke hapa. Daftari langu la bei za Mafinga la 2018 ninalo, tutazilinganisha mwezi kwa mwezi.